Uso wa Mwendwa

Kagwiria na Mwendwa walizaliwa asubuhi moja kule Ruiri, na kwa miaka thelathini hakuna aliyeweza kuwatofautisha ila mama yao. Walimu waliwaadhibu kwa kubahatisha. Mwaka waliobatizwa, mchungaji alimbatiza Mwendwa mara mbili, ikabidi Kagwiria arudishwe kanisani Jumapili iliyofuata. Hata Mutwiri, alipoanza kumchumbia Kagwiria, alimwomba avae kitambaa shingoni kila wanapokutana, asije akamshika mkono asiye wake.

Baada ya harusi Kagwiria alihamia mjini Embu, mtaa wa Dallas, akawa anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga. Mwendwa alibaki Ruiri, akifundisha hisabati katika shule ya upili. Mutwiri akapata kazi ya ulinzi Qatar, mkataba wa miaka miwili, akaondoka mkewe akiwa na mimba ya miezi minne.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji. Alikuwa msichana, akaitwa Regina, jina la marehemu mama yake Mutwiri. Kagwiria alipoteza damu nyingi siku hiyo, na alipotoka hospitalini hakuwa na nguvu hata ya kuinua ndoo. Akajua nguvu zitarudi. Mwezi wa tatu tangu ajifungue, nywele za mbele zilianza kung'oka, zikawa zinabaki kwenye kitana kama manyoya ya kuku. Zilizobaki kwenye panja ziliota nyeupe. Mashavu yakaingia madoa ya rangi ya kahawia, ngozi ya shingo ikalegea, na jino la mbele ambalo halikuwahi kumsumbua likaanza kucheza, mpaka daktari wa meno akaling'oa. Hayo yote yalitokea kabla Regina hajajua kukaa.

Mutwiri alipopiga simu ya video, Kagwiria aliielekeza kamera kwa mtoto.

"Na wewe je? Nionyeshe uso wako," Mutwiri alisema.

"Nimejipaka mafuta ya nywele, nimekaa vibaya. Siku nyingine."

Siku nyingine ikawa mtandao mbovu, siku nyingine stima zimepotea.

Regina alipofikisha miezi tisa alipelekwa kliniki kudungwa sindano ya surua. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo Mwendwa alikuwa amekuja kumsaidia dada yake, naye ndiye aliyembeba mtoto. Walipoingia, muuguzi aliwatazama kwa haraka, akamwonyesha Kagwiria benchi lililokuwa ukutani.

"Shosho, pumzika hapo. Mama ya mtoto, leta kitabu."

Mwendwa alicheka. "Mama ni huyu. Sisi ni mapacha."

Muuguzi alimtazama Kagwiria, kisha Mwendwa, kisha akainamisha kichwa kwenye kitabu na kuanza kuandika. Hakusema pole kwa kumwita bibi wa mtoto. Kagwiria angependelea aseme neno lolote.

Njiani kurudi, hakuyatoa macho kwenye uso wa dada yake. Tangu azaliwe hakuwahi kuutazama hivyo. Nani hutazama kitu ambacho ni chake? Sasa aliona jinsi paji la Mwendwa lilivyong'aa, jinsi nywele zilivyoanzia pale zinapopaswa kuanzia, jinsi meno yalivyopangana alipokuwa akimwimbia mtoto. Wanawake wengine wazuri hawakuwa wamemsumbua, maana hao walikuwa na uzuri wao. Huyu alikuwa na wa Kagwiria. Alikuwa anatembea nao barabarani, bila kuulinda, bila hata kujua anao.

Jioni ile alifungua sanduku, akatoa gauni la samawati alilojishonea kabla ya mimba.

"Livae wewe," alimwambia Mwendwa. "Kwangu limekataa."

Mwendwa alilivaa, akamwinua Regina begani, wote wawili wakacheka. Kagwiria akapiga picha. Alinuia kumtumia mama yao. Lakini Mutwiri alikuwa ameandika tena mchana ule, *hata picha moja tu*, na kidole chake kikaenda huko.

Jibu lilikuja kabla chai haijachemka. *Mke wangu. Umependeza kuliko siku ya harusi. Nimeonyesha kila mtu kambini.*

Kagwiria alisoma akatabasamu peke yake jikoni. Akasoma tena. Mara ya tatu tabasamu likakauka, maana aliwaza: hajanisifu mimi. Akageuka, akamwona Mwendwa kupitia mlangoni akimlisha mtoto uji, na kwa mara ya kwanza maishani akamchukia.

Basi ikawa hivyo kwa miezi kumi. Kila Mwendwa alipokuja likizo, Kagwiria alimpiga picha: akiwa na Regina uwanjani, akiwa kanisani siku ya Pasaka na lile gauni la samawati, akiwa ameketi penye cherehani kana kwamba anashona. Alimwambia ni za kumbukumbu ya mtoto. Kisha aliketi akazituma moja moja, nyingine baada ya wiki kadhaa, akiandika chini yake maneno yake mwenyewe, maneno ya kweli ya mke aliyemkosa mumewe. Na Mutwiri alijibu kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuyatamka akiwa nyumbani. Kadiri alivyoandika vizuri ndivyo Kagwiria alivyoumia. Aliyataka maneno yale kama mgonjwa anavyotaka maji, na kila neno lilipomfikia aliona limepitia kwa mwanamke mwingine kwanza.

Wivu ukaanza kumtoka mbele ya watu. Mtoto akimkimbilia Mwendwa, alimvuta. Mwendwa akijitazama kwenye kioo, alimwambia, "Wewe kazi yako ni kujipamba tu." Siku moja Mwendwa alimletea mafuta ya nywele, akasema yamemsaidia mwalimu mwenzake. Kagwiria aliyaweka juu ya kabati bila kuyafungua.

"Kwani nimekukosea nini?" Mwendwa aliuliza.

"Hujanikosea. Umelala usiku mzima, basi. Mimi sijalala tangu mwaka jana."

Mutwiri alipoandika kwamba anarudi Oktoba, Kagwiria alimwambia Mwendwa ni Desemba. Alipanga kumpokea mumewe peke yake, akiwa amevaa wigi na poda, ndani ya nyumba, pazia likiwa limefungwa. Atamzoea kidogo kidogo, alijiambia. Mwendwa asiwepo tu. Asisimame karibu naye.

Lakini Oktoba ile wanafunzi walipumzishwa siku chache katikati ya muhula, na Ijumaa jioni Mwendwa alibisha hodi akiwa na gunia la viazi, amevaa lile gauni la samawati. Mutwiri alitarajiwa kesho yake jioni. Asubuhi Kagwiria alimwuliza mara tatu ataondoka saa ngapi.

"Unanifukuza?"

"Hapana. Naona mawingu tu."

"Ngoja nikufulie nguo za mtoto, halafu niende."

Kagwiria aliingia chumbani kujaribu wigi. Ndipo aliposikia geti likifunguliwa na sauti ya mwanamume ikipaa.

"Kagwiria wangu!"

Mutwiri alikuwa amepata lifti kutoka uwanja wa ndege na kufika saa sita mchana. Alitupa begi chini, akamnyanyua Mwendwa kutoka kwenye beseni, akamzungusha. Mwendwa alimsukuma kifuani kwa mikono iliyojaa povu.

"Shemeji! Shemeji, mimi ni Mwendwa!"

Mutwiri alicheka. Alidhani ni ule mzaha wao wa zamani, pacha mmoja kujifanya mwenzake. "Safari hii hunidanganyi. Gauni hili nalijua, ulilivaa kwa picha ya Pasaka."

"Picha gani?"

Kagwiria alikuwa amefika mlangoni. Wigi lilibaki chumbani. Alisimama na kichwa chake kilivyo, mkono umeshika fremu ya mlango. Mutwiri aliinua macho akamwona, na papo hapo akamweka Mwendwa chini, akavua kofia, akainama kwa heshima kama mtu anavyomwinamia mama mkwe.

"Mama, sikujua umetutembelea. Niwie radhi kwa kelele."

Regina alitoka nyuma ya ngazi, akapita katikati yao kwa viguu vyake vya haraka, akamkumbatia Kagwiria magotini. "Mama," alisema. "Mama, nyanyua."

Mutwiri alitazama. Kofia ilibaki mkononi. Kagwiria aliona hasa wakati alipomtambua: midomo yake ilifunguka, kisha akameza mate, kisha akajaribu kutabasamu. Hicho kitabasamu ndicho kilichomkata.

Mwendwa alikausha mikono kwenye gauni. Alikuwa ameshaelewa.

"Zile picha za kumbukumbu," alisema polepole.

"Mwendwa..."

"Ulikuwa unamtumia mumeo uso wangu? Nimekaa hapa nikicheka kwa kamera kama mjinga, na kumbe kuna mwanamume ananitazama akidhani mimi ni mkewe? Ungeniomba figo ningekupa. Mbona uliniibia?"

"Kwa sababu ulikuwa nao!" Kagwiria alipiga kelele, majirani wakachungulia. "Wewe una kila kitu kilekile nilichokuwa nacho, na hukuzaa, hukupasuliwa, hukung'olewa! Nikikuona natamani kukupapura. Ndiyo, nakuonea wivu. Umesikia sasa?"

Mwendwa alichukua mkoba wake, akatoka na gauni likiwa limelowa mbele.

Siku mbili Mutwiri alicheza na mtoto, akarekebisha bomba lililokuwa likivuja, akaitikia alipoulizwa kuhusu chakula. Asubuhi ya tatu, wakinywa chai, alisema bila kumtazama:

"Yale maneno. Uliandika mwenyewe?"

"Yote."

"Basi mbona hukuniambia ulivyo?"

"Ungesema nini?"

Alifikiri. "Sijui. Na sasa hatutawahi kujua." Alizungusha kikombe mezani. "Nitakuwa naongopa nikisema sijashtuka, Kagwiria. Nilikuwa nikilala na ile sura kichwani. Nipe muda nikuzoee."

"Mimi sikupewa muda," Kagwiria alisema. "Niliamka tu nikaikuta."

Safari hii Mutwiri alimtazama, akaendelea kumtazama mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata alimpeleka kupimwa, maana Kagwiria hakuwa amewahi kwenda. Kila mtu alikuwa amemwambia uzazi ndivyo ulivyo. Daktari alisema damu yake iko chini sana na tezi ya shingoni imedhoofika, akampa dawa za kumeza kila siku. Nywele huenda zikarudi, alisema, na nguvu pia. Madoa hakuahidi. Walipotoka, Mutwiri alimshika mkono wakivuka barabara, akausahau mkononi mwake mpaka walipofika nyumbani.

Mwendwa hakupokea simu. Kagwiria alipiga kwa mwezi mzima, kisha akamfunga Regina mgongoni akaenda Ruiri.

Alimkuta shambani akiwa na mama yao, waking'oa maharagwe yaliyokauka. Upepo ulikuwa mkali, wa vumbi. Mama yao aliwatazama wote wawili, akamchukua mtoto, akaelekea nyumbani. Kagwiria aliinama akaanza kung'oa upande wa pili wa mstari.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Ng'oa na mizizi yake, usikate," Mwendwa alisema.

Walikwenda mstari mzima waking'oa. Walipofika mwisho, Mwendwa alijifuta vumbi machoni.

"Unajua ni nini kilichoniuma? Si picha peke yake. Mwaka jana nilikuwa sokoni hapa, mtu akaniita Mwendwa. Hakuniuliza, wewe ni yupi. Aliniita tu, kwa kuwa hatufanani tena. Maisha yangu yote nimekuwa nikiulizwa. Nilirudi nyumbani nikalia. Nilikungoja uje tuongee, na kila nikija kwako ulinitazama kama mwizi."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ulikuwa unanitazama usoni tu."

Kagwiria alikaa chini kwenye udongo. Alitaka kusema jambo zuri, halikuja, akasema lile lililokuwapo.

"Bado nakuonea wivu. Hata sasa hivi. Hata na hilo vumbi."

"Najua."

"Sijui kama utaisha."

"Basi njoo nao," Mwendwa alisema. "Lakini usinidanganye tena. Na mumeo azifute zile picha, zote. Mimi nitamwuliza mwenyewe."

"Atazifuta."

"Nimesema nitamwuliza mwenyewe."

Hakukuwa na kukumbatiana. Mwendwa alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki yake. Walikusanya maharagwe kwenye turubai, kila mmoja akashika pembe mbili, wakaanza kupanda kuelekea nyumbani. Mwendwa alitangulia, mgongo umenyooka, hatua zake nyepesi kwenye mwinuko ule. Kagwiria alimwona kutoka nyuma, akausikia ule uchungu ukimchoma mahali pake palepale chini ya mbavu. Pumzi zilimpungua.

"Mwendwa," aliita. "Ngoja kidogo. Nimechoka."

Mwendwa alisimama. Waliweka mzigo chini, wakapumzika, upepo ukivuma katikati yao, kisha Mwendwa akauliza kama yeye na Regina watakaa mpaka Jumapili.

"Tukikubaliwa," Kagwiria alisema.

"Haya, shika upande wako," Mwendwa alijibu, wakainua.