Ufa Nyuma ya Kigingi

Kigingi cha saba kilikuwa hatua nne kutoka kaburi la mwanangu, lakini hilo sikumwambia Athanas siku alipokipigilia. Alikuwa ameinama na nyundo yake, anapiga huku anahesabu. Vigingi vyote vilikuwa kumi na viwili, vimefuata ukingo wa korongo kutoka kule chini kwenye kijito mpaka juu inapokatiza njia ya ng'ombe. Vichwa vyake alivipaka rangi nyekundu visije vikapotea kwenye majani.

Athanas alitoka chuo, alikuwa anasomea udongo na maji. Alikuja Genkuru kupima jinsi korongo letu linavyokua. Watu walimwuliza kama katumwa na mgodi. Akasema hapana. Kesho yake wakamwuliza tena. Mimi nilisimama pembeni siku mbili, sikuuliza kitu.

"Wewe mbona huniulizi?" akasema.

"Naangalia."

"Umesoma?"

"La saba."

"Inatosha. Nataka mtu wa kupima kila mvua ikinyesha. Kazi yenyewe ni tepu na subira."

Akanipa tepu, daftari, na chupa ya plastiki yenye mistari ya kupimia mvua. Kila asubuhi baada ya mvua nilitakiwa kupima kutoka kigingi mpaka ukingo, na kuandika. Kama ukingo umesogea, urefu huo unapungua, ninaandika umepungua kiasi gani. Kama haujasogea, ninaandika sifuri.

Nyumba yetu ni ya Waisiko. Waisiko hakupata mtoto wa kiume, na mume wake alipokufa akatoa ng'ombe akanioa mimi, nyumba ntobu kama tunavyofanya sisi Wakurya, ili nimzalie mrithi. Nilimzaa Kisyeri. Aliishi miezi kumi na mmoja. Homa ilianza Jumatano, Ijumaa tukamzika nyuma ya nyumba. Watu walilia. Mimi nilipika uji wa wageni, wakanywa, nikaosha sufuria. Tangu siku ile watu wakiniuliza habari nasema nzuri.

Wakati anazikwa korongo lilikuwa mbali, ng'ombe watatu wangeweza kulala katikati. Miaka miwili baadaye zilibaki hatua nne na kidogo.

"Tumhamishe kiangazi hiki," Waisiko aliniambia, tukipukuchua mahindi. "Mvua ikianza haitatungoja."

Kumhamisha maiti kwetu si kuchukua jembe tu. Lazima mzee wa ukoo aje, na mzee wetu Nyangwine anakaa Nyarero, na lazima mbuzi achinjwe kabla ardhi haijaguswa. Nikamwambia nitamwuliza kwanza mtaalamu.

Athanas alikuwa amekaa chini ya ukumbi wa duka, kompyuta mapajani. Akanionyesha.

"Unaweka mvua. Unaweka mteremko, aina ya udongo, majani yanayoufunika. Yenyewe inakuambia udongo kiasi gani utaondoka."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Wanaopita pale juu. Njia yao inashika maji."

Akacheka. "Ng'ombe hawamo, dada."

"Na watu?"

"Watu wamo kidogo, kwenye majani. Wakilima, majani yanapungua."

"Pale kigingi cha saba, hatua nne zitaisha lini?"

Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Nusu hatua kwa mwaka. Sema miaka minane. Kwa nini cha saba?"

"Hivi tu."

Nikarudi nikamwambia Waisiko, miaka minane.

"Ameyauliza maji?"

"Ameiuliza kompyuta."

Waisiko aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa jeupe. "Wewe unasemaje?"

Nilisema tungoje. Namba ile niliiamini. Tena ilinifaa, kwa sababu sikutaka kumwona mtoto. Nilikuwa nimezoea hali niliyokuwa nayo, na sikutaka kitu cha kuigusa.

"Basi," akasema. "Mama yake ni wewe."

Wiki ile ile nikasikia misumari. Obonyo, jirani yetu wa juu, Mjaluo mwenye ndugu zake Migori, alikuwa anajenga nyumba kwenye mteremko wa majani. Si kwamba hakuwa na nyumba. Wakati ule wa dhahabu, ukiona kitu chenye rangi kimechomekwa ardhini, unajua mgodi unakuja kuchukua eneo, na eneo likichukuliwa kuna fidia, na wathamini wanahesabu nyumba. Kwa hiyo unategesha. Unasimamisha miti, unatupia bati juu, unakandika udongo upande unaoonekana kutoka barabarani, halafu unangoja.

Nikapanda nikamsalimia. "Shikamoo, Baba Akech."

"Marahaba, binti."

"Vigingi vile si vya mgodi. Ni vya maji."

"Vya maji!" Akawageukia mafundi wake. "Mmesikia? Mgodi sasa unachimba maji."

Mafundi wakacheka. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mura, tuchote basi tukauze Sirari."

"Ni vya kupima korongo," nikasema. "Mimi ndiye ninayepima."

"Najua. Na wamekuambia useme hivyo. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo, halafu jioni najenga ya kwangu." Akanyoosha kidole kwenye kibanda kidogo chenye bati jipya. "Unaona kile? Cha kuku. Kuku wangu ana chumba na sebule. Wathamini wakija, nitamwita mpangaji."

Hata mimi nilicheka, nadhani. Kisha nikashuka.

Mpaka mwezi unaisha nyumba zilikuwa kumi na tisa. Majani yalifyekwa, mengine yakakanyagwa na mafundi na punda wa kubeba maji mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Na kila mmoja, ili nyumba yake isiingie maji ikaanguka kabla ya kuthaminiwa, alichimba mtaro. Mtaro wa Obonyo uliingia wa jirani yake, wa jirani ukaingia wa mwingine, na yote ikamwaga kwenye njia ya ng'ombe. Njia ya ng'ombe ilimwaga korongoni. Niliyaona hayo yote kiangazi, kabla ya tone moja. Sikumwambia mtu. Niliona, basi.

Mvua ya kwanza haikuwa kubwa. Chupa ilionyesha kidogo tu. Lakini kigingi cha kumi na moja kilipoteza urefu wa mkono, na cha kumi na mbili sikukikuta. Nikampigia Athanas.

"Umeishika tepu vizuri?" akasema. "Rudia."

Nikarudia. Namba ile ile. Baada ya mvua ya nne akaja na pikipiki, akasimama juu ya mteremko, kofia mkononi.

"Hizi nyumba zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwenye vigingi vyako."

Nikamweleza. Alikaa juu ya tofali, akaangalia mabati yale yanavyong'aa, akaangalia mitaro.

"Mimi niliweka majani," akasema. "Kompyuta inajua hapa ni majani."

"Si uweke mabati?"

"Naweza. Lakini nikimaliza kuyaweka yatakuwa yameongezeka. Au mwakani wamekata tamaa wameyang'oa yote. Nitaandika nini? Nisingekuja, pasingekuwa na hata bati moja."

"Na kigingi cha saba?"

"Sijui."

"Niambie hata kwa kukadiria."

"Boke, kweli sijui. Ningekudanganya."

Akapiga picha nyingi, akaondoka. Alisema nisiache kupima.

Nikampigia Nyangwine simu Nyarero. Mjukuu wake akapokea, akasema mzee anaumwa miguu, labda baada ya wiki mbili. Waisiko akafunga mbuzi nyuma ya jiko, akangoja.

Lakini kigingi cha saba hakikubadilika. Mvua ya tano sifuri, ya sita sifuri, ya saba sifuri. Huku juu korongo linakula, huku chini linakula, pale katikati limetulia. Waisiko akaanza kusema labda pana mwamba. Mimi nilishaona kitu kingine. Maji hayakuwa yanashuka kwa juu tu. Kulikuwa na mashimo ya fuko, maji yakaingia humo, na chini ukutani mwa korongo yakatokea mahali pengine kabisa, mekundu, yanatoka kama kwenye bomba. Ukuta ulikuwa unaliwa kwa ndani. Na nilikuwa nimejifunza kwamba ukingo hauanguki wakati mvua inanyesha. Unaanguka kesho yake au kesho kutwa, jua likiwaka, watu wakiwa wameanika nguo. Kwenye daftari hapakuwa na sehemu ya kuandika mambo hayo, kulikuwa na tarehe, mvua, kigingi na kipimo.

Asubuhi moja ya jua, mvua ikiwa haijanyesha siku mbili, nilikwenda hata hivyo. Nikapima cha saba. Sifuri. Nikaandika. Nikageuka nirudi nyumbani, ndipo nikaona ufa. Ulikuwa upande wangu, upande wa nyumba. Ulipita nyuma ya kigingi, nyuma ya kaburi, ukazunguka ukarudi kwenye ukingo. Upana wake kidole kimoja. Nikachukua bua la mahindi nikalisukuma ndani, likaingia lote, likapotea.

Namba haikuwa na uongo. Kutoka kigingi mpaka ukingo hakuna kilichopungua. Kigingi, kaburi na ukingo vilikuwa vinaondoka pamoja.

Nikamwita Waisiko. Alikuja na kanga moja tu, akatazama, hakuuliza maana yake.

"Nyangwine hawezi kufika," akasema.

"Hawezi."

"Mbuzi?"

"Hakuna muda, mama."

Akaenda mwenyewe kwa Obonyo, mbio mbio kadiri alivyoweza. Obonyo akaja na kamba ya kufungia ng'ombe. Alipoona ufa, mzaha ukamtoka usoni.

"Mimi nitachimba," akasema.

"Wewe ni mzito," nikamwambia. "Nishike."

Akanifunga kamba kiunoni, akaizungusha kwenye mti wa nyuma ya jiko, akakaa chini akakaza miguu. Nikavuka ufa. Ardhi haikutikisika. Nilichimba kwa jembe la mkono, polepole, magoti chini, udongo nikiuweka kwenye karai na Waisiko akiuvuta kwa upande wake.

"Hujamfikia tu, binti?" Obonyo aliita. "Mikono inaniuma."

"Bado."

"Mungu wangu, hawa watu wachimbaji. Chimba, basi. Chimba, nakushika."

Nilifika kwenye blanketi. Lilikuwa la bluu, nililijua. Nililizungushia kanga yangu bila kulifungua. Lilikuwa jepesi kuliko alivyokuwa siku aliyozaliwa. Nilingoja kusikia kitu moyoni, nikajipa muda kidogo pale pale, magoti kwenye shimo. Nilisikia Obonyo akipumua tu. Nikavuka nikampa Waisiko.

Kipande kile kilianguka saa saba mchana, Obonyo akiwa anakunja kamba yake. Hakikupiga kelele kubwa. Vumbi lilipanda, likashuka.

Obonyo alivua kofia. "Mama Waisiko," akasema, "mtaro wangu nitaufunga leo."

"Na nyumba ya kuku?" Waisiko akamwuliza.

Akatupa kamba begani. Akaenda.

Tukabaki sisi wawili na mtoto. Waisiko alimpakata kama anavyopakatwa aliye hai, akazunguka uwanja mzima. "Tumlaze wapi? Wewe umepima msimu mzima. Nionyeshe mahali ambapo maji hayafiki."

Nikaangalia. Karibu na zizi, ng'ombe wakitoka wanaanzisha njia. Kwenye migomba, maji ya bati letu yanadondokea pale. Mbele ya nyumba, mtaro wa barabara. Kila mahali nilipotazama niliona maji yatakavyokuja, hata kama ardhi ilikuwa kavu, na kila mahali nilishindwa kusema ni lini.

"Sijui, mama."

"Miaka mingapi?"

"Sijui."

Akaingia ndani. Nikamfuata. Alisukuma kitanda chake ukutani, akaonyesha sakafu ya udongo pale kilipokuwa.

"Hapa hapanyeshi."

"Wazee watasema."

"Waseme. Nitalala juu yake."

Nikachimba ndani ya nyumba. Udongo ulikuwa mgumu, umeshindiliwa kwa miguu ya miaka mingi, ikanichukua mpaka alasiri. Tukamweka. Waisiko alisema maneno machache kwa Kikurya, ya kumwomba msamaha kwa safari, na mimi nikarudishia udongo, nikaukanyaga, nikausiriba kwa maji na samadi kama sakafu nyingine. Yeye akarudisha kitanda, akalala hapo hapo, uso ukutani.

Udongo ulibaki. Tulichimba shimo, tukarudisha udongo wote tuliouweza, na bado karai lilijaa. Nilitoka nalo nje nikasimama mlangoni. Kulia ni mteremko, kushoto ni mteremko; popote nikiumwaga, mvua itaupeleka korongoni. Nilisimama nalo muda mrefu, machozi yakawa yanatoka, sikuwa nimeyasikia yakianza, yanadondoka ndani ya karai na kutoboa vishimo vidogo kwenye udongo. Sikuliweka chini.