Karatasi Iliyofanana na Nyingine

Jumapili, tarehe 14 Septemba 1975, Mbuke alimkuta mwanawe Nkuba barazani, nyumbani kwao Iyunga, akiandika barua ya kujiondoa masomoni.

"Mayu, nilijidanganya," Nkuba alimwambia mama yake. "Nilidhani nimethibitisha jambo, kumbe sikulithibitisha."

Nkuba alikuwa mwalimu wa hesabu Iringa, na likizo hiyo alikuja kukamilisha tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya nusukundi. Alikwisha kumweleza mama yake maana yake: kuliacha joto litembee katika chuma dakika mbili, kisha tatu, ni sawasawa na kuliacha dakika tano mfululizo. Ila katika nafasi za kihesabu alizozichunguza yeye, kipimo kimoja hakikutosha. Vipimo vilikuwa vya aina mbili, na kila aina ilidai uthibitisho wake. Wa kwanza alikuwa nao mkononi. Wa pili aliutafuta siku nne bila kuuona.

Siku hizo nne Mbuke alikuwa amenyamaza.

Katika kisomo cha watu wazima, alikojifunza Mbuke, walinakili kila zoezi mara mbili: la kwanza la kujifunzia, la pili la mwalimu. Lile la kujifunzia liligeuzwa, upande wa nyuma ukaandikiwa tena. Kabla ya siku hizo nne, mwalimu wao Tekla alipowaagiza waandike barua ya kweli na kuipeleka posta, Mbuke aliona karatasi mbili za mwanawe zilizofanana karibu mstari kwa mstari. Akachukua moja, akaigeuza, na nyuma yake akamwandikia mdogo wake Roza, aliyeko Usangu. Darasa zima lilimpigia makofi.

Sasa Nkuba aliitia barua yake katika bahasha, akailamba.

"Baba, usiifunge," Mbuke alisema. "Karatasi yako niliichukua mimi. Nilidhani ni ya kujifunzia."

Nkuba aliiweka bahasha chini. "Kwa hiyo nilithibitisha."

"Kama ulithibitisha sijui. Najua uliandika."

"Na siku zote hizi ulikuwa unanitazama tu?"

"Nilikuwa nakutazama."

"Mamdogo ulimwandikia nini?"

Mbuke aliinamisha kichwa. "Kwamba sasa najua kusoma."

Nkuba aliichana barua yake, akavuta karatasi safi, akaanza upya uthibitisho wa pili. Chai aliyowekewa hakuigusa, wala hakumtazama mama yake. Mbuke alibaki ameketi palepale.

Wewe uliyeyasoma haya, msomee na mwenzako, hasa yule anayejua jambo na bado amenyamaza.