Dagaa Ndani ya Lundo la Mierezi

Alhamisi kwetu ni siku ya maktaba. Rosalyn, mke wa mwanangu, huwafundisha watoto wake wanne hapa hapa nyumbani, na kila Alhamisi huwapakia garini wakarudishe vitabu mjini. Ila ana sheria yake: kazi za nje zisipokwisha, hakuna maktaba. Alhamisi ile hazikuwa zimekwisha. Banda la kuku lilikuwa limefagiliwa nusu, kuni zimetapakaa pale pale zilipopasuliwa. Basi akaondoka peke yake na kikapu cha vitabu, akaniambia, "Mama, watazame. Wakimaliza wacheze."

Mwanangu Dale hakujua hayo. Tangu alfajiri alikuwa msituni na msumeno wa mashine, akikata miti iliyovunjwa na barafu ya Januari.

Mimi nilikaa barazani, blanketi miguuni, nikigonga kokwa za mti wa jozi nyeusi kwa nyundo na kuzichokoa kwa sindano ya magunia. Jozi za huku kwenye milima ya Ozark ni ngumu kama mawe. Bakuli moja hula asubuhi nzima, nami sina haraka.

Kufika saa tano kuni zilikuwa zimepangwa, na watoto wakataka kucheza dagaa. Mmoja hujificha, wengine humtafuta. Anayempata hasemi kitu, hujibana naye pale pale kama dagaa koponi, mpaka abaki mmoja anazunguka peke yake. Anayetoa sauti mafichoni ameoza, yaani ameshindwa.

"Junie ajifiche," alisema Emmett. "Huyu anaingia hata kwenye kiatu."

"Kiatu chako kinanuka, siingii," alijibu Junie, ambaye ana miaka mitano.

Katikati ya kiwanja kulikuwa na lundo la matawi ya mierezi, refu kuliko baba yao. Kwa wiki mbili kazi yao ilikuwa kuyaburura matawi hayo mpaka hapo, na Rosalyn aliigeuza kuwa somo la hesabu, wapime urefu, wapime upana, wachore. Asichojua ni kwamba waliacha chumba ndani yake, chenye kimlango upande wa kijito. Baba yao naye hakujua. Mimi nilijua, maana mjukuu wangu Corbin alinionyesha na kuniomba nisiseme. Nikanyamaza. Niliona ni siri ya kitoto.

Junie alitoweka. Baada ya kitambo sikumwona Emmett. Adelia, mkubwa wao, alizunguka banda mara mbili, naye akapotea. Akabaki Corbin na kofia yake nyekundu. Nikamwona anainama nyuma ya lundo, na kofia haikurudi. Nikacheka peke yangu, nikachukua jozi nyingine.

Kisha Dale akatoka msituni. Masikioni alikuwa bado na vile vikombe vya kuzuia kelele za msumeno, na mkononi dumu la dizeli. Upepo ulikuwa umetulia. Asubuhi nilimsikia akiwapigia simu wazima moto wa kujitolea, kuwaambia leo anachoma lile lundo.

Nikaita, "Dale." Hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu zote nilizo nazo, ambazo si nyingi.

Alianza kumwaga dizeli kwenye lundo, upande unaotazama nyumba. Alimwaga taratibu, kama anamwagilia mboga.

Nikasimama, jozi zikajaa kwenye aproni. Nyonga yangu ya kushoto haipendi ngazi, na pale baraza lina ngazi nne. Nilizishuka kwa makalio. Kutoka pale hadi kwenye lundo ni hatua themanini za mtu mzima mwenye afya.

"Watoto," niliita nikitembea. "Tokeni humo. Baba yenu anachoma."

Nikasikia mtu ananong'ona ndani, "Usitoke, Bibi anamsaidia Corbin," na mwingine, Corbin mwenyewe, "Mimi si nimo humu, mjinga wewe," kisha vicheko vya kubanwa. Wiki iliyopita niliwadanganya hivyo hivyo, nikasema chakula kiko tayari, wakatoka wote. Nani angeniamini tena?

Dale akaweka dumu chini. Akapapasa mfukoni, akatoa kiberiti.

Mwerezi mkavu hauwaki polepole. Unashika mara moja, wote. Nilikuwa bado mbali kama hatua kumi na tano. Nikatia mkono kwenye aproni nikarusha jozi. Ikapita pembeni. Nikarusha nyingine, ikaanguka miguuni pangu mwenyewe. Ya tatu ikampiga begani.

Akageuka na njiti inawaka. Akatabasamu, akavuta kikombe cha sikio moja. "Mama, umetoka kuota moto au kunipiga mawe?"

"Watoto wamo humo."

"Watoto wako maktaba."

"Dale. Wamo humo ndani. Wote wanne."

Aliniangalia usoni. Njiti ikafika kwenye vidole, wala hakuitupa. Aliifumbata kiganjani mpaka ikazimika, kisha akapiga magoti.

"Adelia," akaita. Kimya. "Corbin." Kimya. "Jamani, mchezo umekwisha. Junie, mama, toka."

Matawi yakatikisika. Adelia akatoka kwanza, akakunja uso. "Baba, umetuharibia." Akanusa, akaona dumu, akarudi hatua moja nyuma. Emmett akafuata, kisha Corbin. Tukasubiri. Sijawahi kusubiri namna ile, na mimi ni mtu wa kusubiri.

Junie alitoka kinyumenyume, majani yamemjaa mgongoni. "Nani kamwaga maji yananuka?" aliuliza. "Yameniingia kwenye nywele. Lakini sikusema kitu. Mimi sikuoza."

Rosalyn aliporudi alimkuta Dale penye bomba, mikono imejaa povu, anamwosha Junie nywele kwa maji ya birika. Ilikuwa mara ya tano. Watoto wengine watatu walikuwa wanaburuta matawi, wanayalaza chini moja moja, hakuna aliyewatuma.

"Kuna nini?" aliuliza.

Dale akakiinamisha kichwa cha Junie. Akamimina maji tena.

"Keti kwanza," nikamwambia. "Nikuambie nilichokuwa nakijua."