Trekta Inanitosha

Shemeji yangu aliichukua bekho ya marehemu mume wangu siku ya nne baada ya mazishi. Alikuja na dereva, akasimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa, akasema mashine ile ya kuchimbia ni mali ya ukoo. Kisha akaitupia jicho trekta kuukuu iliyobaki uani.

"Trekta inakutosha, shemeji."

Miaka mitano nimeimeza kauli ile na haijashuka. Wanaonishauri nisamehe nawaitikia, halafu naendelea na chuki yangu.

Mwaka huu nikapata kazi ya kuchimba mtaro wa mabomba ya maji, kutoka kwenye tangi hadi nyumba ya mwisho mtaani, ambayo ni ya shemeji huyohuyo. Nilipewa wiki mbili niwe na mashine, la sivyo kazi apewe mwingine. Siku hizohizo nikasikia shemeji anaiuza bekho. Nililala usingizi mnono, nikijiona napita nayo getini kwake polepole, honi juu.

Fundi wangu hakuona raha hiyo. Alinieleza kwamba dukani kuna mkono mpya wa kuchimbia unaofungwa nyuma ya trekta. Unachimba polepole kuliko bekho, na lazima uwekewe fremu ya chuma chini ya trekta isije ikavunjika mgongo, lakini unafika kina cha mabega, na mtaro wetu ni wa kiunoni tu. Bekho ina nguvu zaidi, ila nani anajua ilivyotunzwa?

"Mama, unanunua mashine au unamkomoa shemeji yako?"

"Vyote viwili."

Akashusha pumzi, akasema basi twende tukaione.

Tulimkuta shemeji na wanunuzi wengine wawili, bila shaka amewaita ili nibabaike. Bekho ilikuwa imepigwa rangi mpya, hata juu ya kutu. Injini iliunguruma vizuri na moyo wangu ukawa umeshanunua. Fundi akaomba mkono unyanyuliwe hadi mwisho, injini izimwe, mtu asiguse kitu. Silinda zinazouinua zikiwa nzima, alininong'oneza, mkono unabaki juu.

Tukasimama. Shemeji, mgongo kwa mashine, akaanza kuisifia: nguvu zake, jinsi alivyoitunza kama mwanawe. Nyuma yake mkono ulikuwa unashuka taratibu, kama mtu anayesinzia kikaoni. Mnunuzi mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Ningeweza kumwambia shemeji ageuke. Sikumwambia. Nilimwacha aseme mpaka ndoo ya kuchotea udongo ikatua chini, puu, karibu na visigino vyake.

Wale wawili wakakumbuka wana safari. Nilifurahi, sitaficha.

Lakini nilipopitisha kidole kwenye maungio, grisi ilikuwa imekauka ikawa udongo. Mume wangu alikuwa akiyapaka kila asubuhi kabla hajanywa chai. Uchungu ukanipanda, nikataka kuondoka nayo hivyohivyo, mbovu, ilimradi isibaki pale. Fundi akakohoa. Nikaukumbuka mtaro, nikageuka nikaondoka.

Tuliufunga ule mkono mpya kwenye trekta, na fremu yake, tukaanza kazi siku ya mwisho niliyopewa. Mwezi wa pili wa kazi tukafika getini kwa shemeji. Bekho ilikuwa bado uani kwake, kuku wamelala ndani ya ndoo. Alitoka na ndala, akaomba kwa upole nimkodi na mashine yake tumalize haraka, maana gari lake liko ndani na geti litazibwa.

Nilizima injini ili asikie vizuri.

"Trekta inanitosha, shemeji."

Nikawasha, nikachimba mbele ya geti lake kama ramani ilivyosema, bila kuzidisha hata shubiri. Nilimwekea ubao wa kuvukia, wa mtu mmoja kwa miguu. Mabomba yakalazwa. Ikabaki kufukia, nami nikaanzia kule mwanzo, kwenye tangi.