Dulcie na Daraja la Zambarau

Clive Hannaford ni rafiki yangu, lakini kwa hili siwezi kumtetea.

Sisi ni wazee wachache wa Brisbane tunaopenda kupiga picha madaraja yakishawashwa taa. Jua likizama tunasimamisha stendi zetu za kamera ukingoni mwa mto, chini ya Kangaroo Point, tunabishana mpaka chai iishe. Daraja la Story, lile la chuma mbele yetu, hubadilishwa rangi ya taa kwa maombi ya watu: leo jekundu kwa ajili ya wachangia damu, kesho kijani kwa sababu ya mpira. Aprili ile liliwashwa zambarau kwa ajili ya wenye ugonjwa wa kutetemeka, usiku mmoja tu. Aliyeomba alikuwa Dulcie, mke wa Clive, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa wake.

Akaja amevaa koti lake zuri na rangi ya mdomo.

"Noeline, nimependeza?"

"Umependeza mpaka unakera."

Akacheka. "Nataka picha moja tu, mimi na daraja langu. Huyu bwana kapiga madaraja miaka nenda miaka rudi, mimi sina hata moja niliyomo."

Tukamkalisha kwenye benchi. Sasa picha za usiku zinataka kamera ibaki wazi sekunde kadhaa, na anayepigwa asitikisike hata kidogo. Dulcie masikini alijikaza, akaushika mkono kwa mkono. Clive akapiga, akatazama kioo cha kamera, akasonya.

"Umetikisika."

"Kweli? Basi rudia, mzee."

Akarudia. Akarudia tena. Kila mara daraja limetulia tuli, na Dulcie amekuwa moshi.

"Fupisha muda," nikamwambia. "Kamera yako si inaweza?"

"Itajaa chenga, kama TV mbovu."

"Na ijae! Chenga zimeua nani?"

"Noeline, unanijua. Mimi siweki takataka."

"Niachie hata hiyo ya moshi," Dulcie akasema. "Nitawaambia wajukuu ni mzimu wangu, nimeanza mazoezi mapema."

Clive alicheka kweli, huku kidole chake kinafuta. Kundi letu lote ndivyo tulivyo. Picha iliyotikisika tunaifuta pale pale, maana wenzio wakiikuta kwenye kamera yako watakucheka mwezi mzima. Lakini jamani, mke naye ni picha ya kushindania?

"Mwakani, bibie," alimwambia. "Watakubadilishia dawa, utatulia, na daraja litawashwa tena."

Dulcie akasema sawa, akaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Wakati huo huo feri ikatokea kwenye kona ya mto, na feri usiku huacha mstari mrefu wa mwanga majini. Clive akageuza kamera. Akapiga feri hiyo mpaka ikapotea, akapiga na iliyoifuata, na nyingine tena. Mimi nilikwenda kukaa na Dulcie, nimevimba kwa hasira. Yeye akaniuliza kama watoto wangu wanakuja Pasaka.

Agosti nimonia ikamchukua.

Hata maua ya kaburini hayajanyauka, Clive akagonga mlango wangu. Hakuwa amenyoa. Mkononi ana kadi ya kamera, ile ya usiku ule, ambayo tangu hapo alikuwa ameiweka kabatini.

"Zilizofutwa huwa wanazirudisha, sivyo?" akauliza. "Nataka ile ya moshi. Hata iwe mbaya vipi, Noeline, naitaka."

Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Aprili, makali kweli. Nikachukua ufunguo wa gari.

Fundi wa kompyuta, Bwana Thuan, aliichomeka kadi akatuuliza: "Ukifuta, picha haiondoki. Inakaa mpaka upige nyingine, ndiyo hiyo mpya inakalia nafasi yake. Baada ya kufuta, ulipiga nyingine?"

Clive akanitazama mimi, utadhani naweza kumjibia vingine.

"Feri," akasema. "Nilipiga feri."

Mbili zilikuwa zimekwenda kabisa. Ya tatu ikaanza kufunguka kutoka juu, polepole: anga, vyuma vya daraja, taa za zambarau zimetoka safi ajabu. Ukaja utosi wa Dulcie, na kidogo cha nywele zake nyeupe. Halafu kijivu kitupu, mpaka chini.

"Una bahati, mzee," Bwana Thuan akasema, naye hakujua tulichofuata. "Daraja lote limepona."

Clive akaweka kiganja kwenye kile kijivu, akalia pale dukani mbele za watu. Nikamvutia kiti.