Sanduku Lililosahau Namba Yake

Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti, Shangazi aliandika namba kumi na saba kwenye sanduku la kumi na saba, akaamuru ihifadhiwe, akachomoa waya wa umeme, akahesabu mpaka tano, akauchomeka tena. Sanduku liliamka likajitambulisha kuwa ni namba sifuri.

Alirudia. Kompyuta yake ikamjibu kama mara ya kwanza, kwamba mipangilio imehifadhiwa na hakuna tatizo lolote. Akachomoa, akahesabu, akachomeka. Sifuri.

Kufika saa nne alikuwa amerudia mara kumi na moja, kwenye masanduku matatu tofauti, na chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Shangazi hakuwa mtu mzima kiasi hicho. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Karakana ilikuwa ya mke wa kaka yake, na watoto wa kaka walipopita pale wakitoka shule walimwita hivyo. Mafundi wakalidaka jina, likaganda. Yeye na mwenye karakana waliitana wifi, jambo lililowapa mafundi utani wa bure: walisema jengo lile lina wifi mbili, moja inakatika kila mara na nyingine inakata watu.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza masanduku ya kuongozea majokofu ya chanjo. Kila sanduku, kubwa kama mkate, lilifungwa ubavuni mwa jokofu la zahanati, likapima joto, likawasha na kuzima mota, na kila saa likatuma taarifa kwa namba yake. Sanduku lisilojua namba yake lilikuwa hatari. Ingekuja taarifa kwamba chanjo zinapata joto, na hakuna ambaye angejua akimbilie zahanati gani.

Ndani ya sanduku, umeme ukifika, wa kwanza kuamka ni programu ndogo ya kuwashia, ambayo mafundi waliiita butloda. Hiyo ndiyo inayoamsha programu kubwa. Lakini kabla ya hapo hutafuta mipangilio yake: namba ya sanduku, cha kuamshwa ni kipi, kisubiriwe sekunde ngapi. Mipangilio hiyo lazima ikae mahali kwenye kumbukumbu, na mahali penyewe huamuliwa na fundi anayeitengeneza programu. Kwenye bodi za zamani, vile vibao vya saketi vya ndani ya sanduku, ilikaa kwenye kadi ndogo ya kuchomeka, na kwa miaka mitano hakuna aliyeuliza. Bodi za safari hii zilikuja hazina pa kuchomeka kadi. Zilikuwa na kumbukumbu mbili zilizolehemewa humo humo, moja kubwa na moja ndogo.

Adhuhuri wifi yake alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, simu mkononi.

"Wifi, lori linakuja Ijumaa. Nimeshamwambia mteja."

"Najua."

"Si ni namba tu?"

"Ni namba tu."

"Basi iandike."

"Naandika, wifi. Haikai."

Mwenye karakana aliangalia skrini kwa muda. "Mbona hapo inasema imehifadhi?"

"Ndiyo inavyosema."

"Labda hubonyezi sawasawa."

Shangazi alilimeza jibu lililomjia. Lilikuwa jibu la kuvunja undugu.

Siku nzima ya Jumanne aliitumia kusoma programu ile mstari kwa mstari. Ilikuwa imeandikwa na fundi aliyemtangulia, mtu waliyemwita Profesa kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Saa saba mchana alimpata mchawi wake, kwenye faili ambalo jina lake halikuwa na uhusiano wowote na mipangilio. Mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema: ukiambiwa uhifadhi, hifadhi kwenye kadi. Wa pili ulisema: ukiamka, soma kwanza kumbukumbu ndogo, na kama haipo, soma kadi.

Bodi za zamani hazikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo programu iliishia kwenye kadi kila mara na kosa halikuonekana. Kwenye bodi mpya, kumbukumbu kubwa ilikuwa imechukua nafasi ya kadi, na ile ndogo ilikuwepo, ila haikuwa na mipangilio ndani yake. Programu iliandika huku ikasoma kule. Haikuwa inadanganya. Ilihifadhi kweli, kisha ikaamka ikaenda kutafuta mahali pengine, ikakosa, ikajipa sifuri.

Alimpigia Profesa, ambaye siku hizi alikuwa na kazi kwenye kampuni nyingine.

"Ile mistari miwili ya mahali pa mipangilio," Shangazi alisema baada ya salamu. "Kwa nini kusoma na kuhifadhi haviendi pamoja?"

"Ipi hiyo?"

Alimsomea.

"Aa," Profesa alisema. "Ile niliiweka kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Nilikuwa najaribu bodi fulani. Nikasema nitarudi kuisawazisha."

"Ni miaka mitano."

"Sasa dada yangu, mngeniambia."

Shangazi alimshukuru, akakata simu, akaenda nje kusimama ukutani kwa dakika kadhaa.

Jioni ile aliamua kwamba mipangilio yote, kusoma na kuhifadhi, itakaa kwenye kumbukumbu ndogo. Alifungua mchoro wa bodi uliotoka kwa muuzaji, akaona nafasi nyeupe karibu na mwisho wa kumbukumbu ile, akaichagua. Akaandika namba, akahifadhi, akachomoa, akahesabu mpaka tano. Sanduku liliamka likasema kumi na saba. Alijaribu mara tatu zaidi, kisha akacheka peke yake kwa sauti, fundi wa kulehemu akageuka kumtazama.

Jumatano kufika saa sita alikuwa amepita masanduku yote ishirini. Kila moja lilikuwa na programu mpya na namba yake. Alimwandikia wifi yake ujumbe wa neno moja: tayari.

Saa tisa Mzee Nyuzi alikuja mezani kwake akiwa amekumbatia sanduku la nne.

Mzee Nyuzi alipata jina hilo kwa sababu maisha yake yote yalikuwa nyuzi joto. Ndiye aliyepima vipimajoto. Kila kimoja alikizamisha kwenye beseni la maji ya barafu, akakilinganisha na kipimajoto chake cha kioo, kisha kwenye maji ya vuguvugu, akangoja, akalinganisha tena, halafu akaingiza ndani ya sanduku kiasi cha kurekebisha. Sanduku moja lilimchukua saa moja na nusu, na hakuwa mtu wa kuharakishwa. Wiki iliyopita alikuwa amemaliza kumi na manne.

"Hili linazidisha," alisema. "Nyuzi mbili na robo."

"Labda hukulirekebisha."

"Nililirekebisha Jumanne ya wiki iliyopita, kabla ya chakula."

Shangazi alilichukua, akalichomeka, akatafuta zilipo tarakimu za marekebisho. Palikuwa patupu. Akachukua la tano. Patupu. Alipofika la nane alikuwa ameshaelewa, lakini aliendelea hadi la kumi na nne kwa sababu hakuwa tayari kumtazama mzee usoni.

Kumbukumbu ile ndogo haikuwa na njia ya kufuta mstari mmoja. Ilifuta kipande kizima kwa mkupuo, ndipo ikaandika upya. Nafasi nyeupe aliyoiona kwenye mchoro wa muuzaji ilikuwa nyeupe kweli, lakini ilikuwa ndani ya kipande kile kile ambacho karakana yenyewe iliwekea marekebisho ya Mzee Nyuzi. Kila alipohifadhi namba ya sanduku, alifuta kazi ya mzee.

Alimweleza bila kuzunguka. Mzee Nyuzi alisikiliza hadi mwisho.

"Yote kumi na manne?"

"Yote."

"Na hayarudi."

"Hayarudi, mzee wangu. Kwenye daftari lako hukuyaandika?"

Mzee Nyuzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Daftari ulinikataza wewe. Mwaka jana. Ulisema karatasi inachakaa, ndani ya sanduku ndiyo salama."

Shangazi alikumbuka. Alikumbuka hata alivyosema, akiwa amesimama, akitabasamu, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo.

Mzee alivaa miwani yake, akarudi chumbani kwake, akafunga mlango.

Wifi yake alikuwa ofisini, ameshaanza kumwandikia mteja. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya Shangazi.

"Nasema ni muuzaji wa bodi," alisema bila kuinua macho. "Amebadilisha bodi bila kututaarifu. Si ndiyo hivyo?"

"Alibadilisha, na alitutaarifu. Karatasi zake ninazo."

"Basi Profesa. Programu ni yake."

"Kosa la Profesa nililipata jana nikalimaliza. Hili la leo ni langu. Sikuangalia tunaweka nini pale."

Mwenye karakana aliweka simu mezani. "Unajua unanipa kazi gani? Nikikusema kama bosi, nyumbani kaka yako atanuna wiki nzima. Nikinyamaza kama wifi, wale nje wataniona nina upendeleo."

"Nigombeze kama bosi. Kaka nitamnyamazisha mimi."

Akamgombeza. Mlango ulikuwa wazi na karakana nzima ikasikia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia amejaribu jambo lake tu asijaribu la wenzake, na kwamba mtu anayegusa kumbukumbu wanayoichangia watu kadhaa lazima awaulize wote. Shangazi alisimama akapokea yote. Kisha mwenye karakana akampigia mteja, akaomba mpaka Jumanne.

Alhamisi asubuhi Shangazi aligonga mlango wa Mzee Nyuzi, sanduku mkononi. Alikuwa ameihamishia mipangilio kwenye kipande chake peke yake, mbali na cha marekebisho.

"Naomba uandike chochote kwenye hili," alisema, "halafu nihifadhi namba, halafu usome wewe mwenyewe."

Mzee aliandika tarakimu. Shangazi akahifadhi, akachomoa, akachomeka. Mzee akasoma.

"Zipo," alisema. "Tena."

Walirudia. "Tena," akasema. Mara ya sita Shangazi alitaka kusema inatosha, lakini aliendelea kuchomoa na kuchomeka. Mara ya tisa mzee akalisogeza sanduku pembeni.

"Lete barafu," alisema.

Siku hiyo ndipo Shangazi alipojua kazi ya yule mzee ilivyo. Vidole viliingia ganzi. Maji yalitaka kukorogwa polepole, na ukikoroga haraka unaanza upya. Kila baada ya dakika kumi alitaka kuamini kwamba tarakimu imetulia, na kila mara mzee alitikisa kichwa. Walimaliza manne siku ile. Ijumaa matano. Jumamosi mzee alikohoa sana, wakafanya mawili tu. Jumapili hakuna aliyekuja. Jumatatu walimaliza yaliyobaki ya yale kumi na manne pamoja na sita ambayo hayakuwahi kuguswa, kwa kutumia mabeseni matatu na fundi wa kulehemu aliyeazimwa, ambaye alilalamika tangu asubuhi mpaka jioni. Safari hii marekebisho yaliandikwa mara mbili, ndani ya sanduku na kwenye karatasi, na Shangazi ndiye aliyeandika karatasi.

Lori liliondoka Jumanne saa nne. Wifi yake alisaini, akamwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta, akapita mbele ya meza ya Shangazi bila kusimama.

Jumatano taarifa zilianza kuingia. Moja, mbili, tatu, kila sanduku kwa namba yake. Kufika saa nane yalikuwa kumi na tisa. La tisa halikuwapo. Shangazi alifungua tena programu, akaisoma tena ile mistari miwili ambayo sasa alikuwa ameikariri, akiwa na hakika kuna kitu amekisahau. Hatimaye akapiga simu zahanati.

"Sanduku lipo," muuguzi alisema. "Jokofu lipo. Ila hatujawasha."

"Kuna tatizo gani?"

"Pa kuchomekea pana birika."

Shangazi alifumba macho. "Naomba uchomoe birika, dada."

"Maji hayajachemka."

"Nakuomba."

Kikasikika kitu kikiwekwa mezani. Baada ya dakika mbili sanduku la tisa lilijitokeza kwenye skrini kwa namba yake: nyuzi ishirini na moja nukta nne, likishuka.

Akaenda kumwambia Mzee Nyuzi. Mzee alikuwa anakausha mabeseni.

"Ishirini na moja ni joto la chumba," alisema. "Haituambii kitu. Subiri lifike tano, joto la chanjo."

Shangazi akavuta kiti akakaa kusubiri.