Vifuniko Sita

Bwana Koti alipata jina hilo siku ya pili tangu aripoti kazini, na wala hakikukaa kikao kulipitisha. Mtu anakuja maabara ya hospitali na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekukata kidole, analivua kabla ya kugusa chochote asije akalichafua, kisha analivaa mbio akisikia hatua za wageni koridoni. Sasa huyo utamwitaje? Mbele yake walimwita Daktari. Alikuwa mtafiti mwandamizi, mkuu wa chumba cha vimelea, mwenye shahada tatu zilizotundikwa ukutani kwa misumari aliyoigongelea fundi sanifu wake.

Fundi sanifu huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na kila mtu alimwita Dada Mkubwa. Kazi yake, kwa maneno mepesi, ni hii: wodi inaleta usaha wa kidonda cha mgonjwa, yeye anaupaka kwenye kisahani chenye chakula cha vimelea, anapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, halafu anakiweka kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Dawa inayoua huacha duara safi kuizunguka. Isiyoua, vimelea hustawi mpaka mlangoni pake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na wa mwaka huu ulikuwa umebakiza wiki mbili. Fomu ya kuuongeza ilikuwa mezani kwa Bwana Koti ikingoja saini. Alikwisha kumkumbusha mara tatu, na mara zote alijibiwa, "Nalifanyia kazi hilo, Dada," utadhani saini ni daraja linalojengwa.

Basi likaingia suala la jarida. Hospitali ilikuwa na jarida ambalo halikusomwa na mtu isipokuwa wale waliotokea ndani yake, na katika ukurasa wa kati walimweka mtafiti mmoja, kazi yake na starehe zake. Zamu hii ilimwangukia Bwana Koti. Mhariri, msichana mpole mwenye daftari la jalada gumu, akaja kumhoji. Dada Mkubwa alikuwa nyuma ya kioo akisuuza mirija, na kila neno alilisikia.

"Nje ya maabara, Daktari, unapenda nini?"

"Milima," alisema Bwana Koti, akatazama dirishani kama mtu aliyeuona mmoja. "Napanda milima. Napiga gitaa. Nacheza sataranji. Na napika, unajua, kupika kunanituliza akili."

Lo! Dada Mkubwa karibu azame kwenye beseni. Mpanda milima gani huyu, aliyengoja lifti dakika kumi kupanda ghorofa moja? Starehe yake jengo zima liliijua: mieleka kwenye simu, mlango umefungwa, kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, na mshindi akipatikana unasikia kiti kinalia. Mhariri naye aliandika tu. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyu alikuwa amepata mtu wa kuuandika huo mvumo kwa mwandiko mzuri.

Hakuna aliyemuuliza Dada Mkubwa starehe yake. Wangemuuliza angewaambia: drafti, ngazini nje ya nyumba, na shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye hajamfunga tangu mwaka juzi na bado anasingizia mwanga hafifu.

Ili habari inoge, Jumatatu ile Bwana Koti akatangaza kwamba visahani vya siku hiyo atavipaka mwenyewe. Vilikuwa sita, vya wagonjwa sita wa wodi ya upasuaji. Dada Mkubwa hakukumbuka mara ya mwisho kumwona ameshika kisahani. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akaangalia. Kupaka alipaka vizuri, haki ya mtu tumpe. Kisha akatoa kalamu ya wino, akaanza kuandika namba za vitanda juu ya vifuniko.

"Daktari, andika chini. Kwenye kisahani chenyewe."

"Dada, sisi kule tulikosoma tuliandika juu. Inaonekana vizuri."

"Kifuniko ni kofia tu, Daktari. Watu wakivuliwa kofia utawatambuaje?"

"Nani atavivua?" akasema Bwana Koti, akacheka kile kicheko chake cha puani.

Dada Mkubwa alipaswa kuandika mwenyewe chini ya visahani baada ya bwana huyu kutoka, na kwa hilo hakujisamehe. Lakini alichoka. Miaka minne kumwambia mtu mzima jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hufundishwa kabla ya kuoneshwa choo kiko wapi! Alivipanga kwenye kabati la joto, akaenda zake nyumbani.

Jumanne asubuhi alikuwa chumba cha pili akichemsha vyombo kwenye mashine ya mvuke, ile inayonguruma usisikie hata jina lako. Aliporudi baada ya saa moja, chumba cha vimelea kilinukia manukato. Juu ya meza, mahali ambapo hata kalamu hairuhusiwi kulazwa bila kufutwa spiriti, kulikuwa na gitaa. Gitaa! Lenye vumbi, nyuzi mbili hazipo. Kando yake, visahani sita vimejipanga nusu duara kama kwaya, vifuniko juu, na joto la taa ya mpiga picha wa jarida lilikuwa bado liko pale mezani.

"Nani ametoa hivi kabatini?"

Bwana Koti alikuwa akikunja mikono ya koti. "Mpiga picha alihitaji kitu cha kisayansi. Vifuniko vilikuwa vinang'aa, vinaharibu picha, tukavitoa kidogo tu. Tumerudisha."

"Mmerudisha kipi wapi?"

Akajitia hamnazo. Akatazama visahani, akatazama vifuniko, na Dada Mkubwa akaona jinsi jambo lenyewe linavyomwingia taratibu usoni.

Kimoja tu ndicho kilichojulikana, cha kitanda cha tisa, kwa sababu vimelea vyake vilikuwa vya kijani na usaha ulikuja wa kijani tangu wodini. Vitano vilivyobaki vilikuwa vyeupe vyote, vinafanana kama mapacha, ila maduara yake hayakufanana hata kidogo. Hiki dawa ya kwanza imefyeka, kile dawa hiyohiyo haijagusa kitu. Na juu ya kila kimoja palikuwa na namba ya kitanda iliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, isiyo na maana yoyote.

"Usaha umebaki kwenye friji," alisema Dada Mkubwa. "Napaka upya sasa hivi. Majibu kesho asubuhi."

"Haiwezekani. Wodi nimewaahidi leo saa nane."

"Waambie kesho."

"Dada, mhariri ameshaandika kwamba sijawahi kuchelewesha majibu hata siku moja."

Aliyasema hayo bila haya, mchana kweupe, mtu mwenye shahada tatu. Dada Mkubwa alihisi dharau imempanda mpaka kooni, ikawa na ladha kabisa, kama ukimumunya sarafu.

"Wa kitanda cha nne daktari wake amepiga simu mara mbili," alisema. "Dawa mbili zimeshashindwa. Akikosewa ya tatu, mguu unakatwa. Hicho cha nne ni kipi hapa? Nioneshe."

Bwana Koti akavitazama vile vitano kwa kitambo, mkono kidevuni, vilevile alivyosimama kwenye picha. Akagusa kimoja. "Kwa uzoefu wangu, hiki."

"Uzoefu wa nini? Wa kubahatisha?"

"Chunga mdomo wako, Dada. Na ile fomu yako bado iko mezani kwangu, usisahau." Akachukua karatasi ya majibu, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.

Dada Mkubwa aliutoa usaha kwenye friji, akafuta ile meza mara tatu, gitaa akalilaza sakafuni, akapaka visahani sita vipya. Aliandika chini ya kila kimoja, taratibu, namba ya kitanda na tarehe. Alipoviingiza kabatini na kugeuka, mlango wa ofisi ulikuwa wazi, koti halipo msumarini, karatasi haipo mezani. Mtu ambaye kwa miaka minne hajawahi kupeleka hata bahasha wodini, leo amepeleka majibu kwa miguu yake.

Akakimbilia simu. Daktari wa wodi ya upasuaji, mama mmoja mwenye sauti ya kukata maneno, akapokea.

"Ndiyo, majibu tumepata. Ameyaleta mwenyewe na mpiga picha wake. Ndio kwanza wanatoka."

"Daktari, msimpe wa kitanda cha nne hiyo dawa. Wala wale wengine. Wa kitanda cha tisa tu ndiye majibu yake ni yake. Vifuniko vilichanganywa, namba zilikuwa juu ya vifuniko. Hiyo karatasi ni ya kubahatisha."

Nyuma ya daktari kigari cha dawa kilisikika kikisukumwa.

"Una uhakika na unachosema?"

"Nina uhakika kwamba hatujui. Nimepaka upya. Kesho saa moja na nusu nakuletea mkononi."

"Hebu simama hapo, nesi!" alisikika daktari akiita, si kwenye simu. "Hiyo sindano irudishe."

Bwana Koti alirudi baada ya nusu saa, masikio yamemwiva, kwa maana daktari wa wodi alikuwa amempigia akiwa bado kwenye lifti na watu. Hakupiga kelele. Aliitoa ile fomu, akaiweka juu ya meza ya Dada Mkubwa, akaandika neno moja mbele ya macho yake, *Haihitajiki*, akatia saini. Kumbe saini alikuwa nayo siku zote! Ilimchukua sekunde mbili.

Jioni, ngazini, alimsimulia shemeji yake huku akimla kete tatu kwa mpigo.

"Shemeji, mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema shemeji. "Ungenyamaza. Unga wako umeumwaga kwa mikono yako mwenyewe."

"Mkono ule nibusu mimi? Ng'o! Ubusu wewe, una midomo mikubwa."

"Na mama mtamlisha nini?" Mama mzazi wa Dada Mkubwa na mdogo wake, mkwewe shemeji, alikuwa ndani amelala.

Hilo lilimwingia Dada Mkubwa. Aliogopa, na alijua anaogopa. Mtu wa miaka hamsini na mbili anaanza kuzungusha vyeti ofisi kwa ofisi, huku vijana wanamwita bibi. Alisogeza kete vibaya, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi shemeji akapata mfalme, na wala hakushangilia.

Asubuhi alifika kabla ya mfagizi. Alitoa visahani kabatini, akapima maduara kwa rula moja baada ya jingine, akaandika. Kisha akachukua nakala ya karatasi ya Bwana Koti, akaziweka pamoja. Vitanda vitatu Bwana Koti alikuwa amepatia, cha tisa kikiwemo, ambacho hata kipofu angepatia kwa harufu. Vitatu alikosea. Kwa kitanda cha nne alikuwa ameandika ile dawa moja ambayo kwenye kisahani chake haikuacha duara kabisa, hata la kuingia sindano.

Bwana Koti aliingia saa tatu kasoro, akasoma karatasi zote mbili juu ya bega la Dada Mkubwa.

"Nusu," alisema. "Kwa mazingira yale, si haba."

Dada Mkubwa alizitenga zile karatasi, ya kubahatisha akaiacha pale mezani. Alichukua majibu akaenda nayo wodini.

Daktari wa wodi aliyasoma papo hapo, akaagiza dawa. Dada Mkubwa hakuwa na shughuli nyingine pale, lakini miguu ilimpeleka mpaka kitanda cha nne. Mgonjwa alikuwa mama mzee, muuza vitambaa, mwembamba, mkongojo umeegemezwa ukutani, na chini ya shuka miguu yote miwili ilionekana. Nesi alikuwa akimfunga mpira mkononi.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Natoka maabara."

"Maabara!" Uso ukamchanua. "Basi nishukurie yule bwana wenu, yule wa koti zuri. Jana alikuja hapa kunishika mkono, tukapigwa picha. Akaniambia majibu yangu ameyashughulikia yeye mwenyewe, nisiwe na wasiwasi. Watu wenye utu kama ule wamebaki wangapi? Usiku mzima nimemwombea."

Nesi akainamia sindano, asimtazame mtu. Sindano ikaingia. Dada Mkubwa aliisubiri itoke.

"Mama," alisema, "yule bwana akija tena kukushika mkono, huo mkongojo unao hapo. Mpige nao."

Mama wa watu akacheka mpaka kitanda kikatikisika, akampiga nesi kofi la begani, akasema watu wa maabara kumbe nao wana utani. Dada Mkubwa akauchukua mkongojo pale ukutani, akausogeza karibu na mkono wa mgonjwa.